Shajara ya tanuru: koti la kulinda matofali, na hela iende wapi

Jumatatu, kabla hatujanunua kitu

Hii shajara naianza kwa sababu hela ya matengenezo ya tanuru ni ndogo na mawazo ni mengi, kila mtu hapa kwenye karakana yetu ya ufinyanzi ana lake, mmoja anasema tupake koti, yaani unga wa madini uliokorogwa na maji, tanuru zima tumalize, mwingine anasema koti la nini, tubadilishe tofali tu, mi nikasema ngoja kwanza tupige hesabu alafu ndo tubishane. Naandika kadiri kazi inavyokwenda na namba zote naziacha wazi, mwenye tanuru lake achukue aweke vipimo vyake.

Tanuru lenyewe ni la gesi, ndani sentimita 80 kwa 80, kwenda juu mita 1. Ukuta ni tofali nyepesi za moto, zile zinakatika hata kwa msumeno wa mbao, daraja la 23, yaani kikomo chake nyuzi 1260 za Selsiasi. Tofali moja ni milimita 230 kwa 114 kwa 64 na zimelazwa hivi kwamba unene wa ukuta ni zile 114. Gleizi, ile ngozi ya kioo juu ya vyombo, tunachoma koni ya 6 (koni ni kipimo cha wafinyanzi cha moto), nyuzi 1220 mpaka 1240 hivi, kwahiyo nafasi iliyobaki kati ya tunapofika na kikomo cha tofali ni nyembamba, na pale karibu na vichomeo moto unapanda kupita hapo, hilo halina ubishi ukiangalia hali ya tofali zenyewe.

Kuta nne ni mita za mraba 3.2, dari 0.64, sakafu 0.64, jumla karibu 4.5. Uso wa tofali unaouona ukiwa ndani ni 230 kwa 64, kwahiyo ni tofali kama 300. Hizo namba mbili ndo msingi wa kila kitu kinachofuata.

Jumanne, tofali mezani

Leo tumechomoa tofali lililokaa jirani na kichomeo cha kushoto tukaliweka mezani, maana naona watu wengi wanazungumzia kulinda tofali bila kusema tofali linakufa kwa nini. Uso wake umegeuka kioo, rangi ya kijani inayoelekea kahawia, kama milimita 3 kwenda ndani, vile vitundu vya hewa vyote vimeziba. Nyuma ya hicho kioo kuna ufa mmoja mrefu unaokwenda sambamba na uso, ukiingiza ncha ya kisu na kusukuma kidogo ganda lote linatoka zima, na nyuma yake tofali ni jeupe na zima kabisa kama halijawahi kuona moto.

Sasa hapo pana somo. Tofali halikuisha lote, limeisha uso tu. Mvuke wa gleizi na chochote chenye soda (sodiamu) au potasiamu kinachoruka ndani ya tanuru kinatua kwenye uso, kinaliyeyusha tofali kidogo kidogo, uso unakuwa mzito na mgumu na unatanuka na kusinyaa tofauti na sehemu ya nyuma, kila tanuru likipoa vinavutana mpaka vinaachana. Likitoka ganda la kwanza, uso mpya unaanza safari ileile. Kwahiyo koti kama lina kazi basi kazi yake ya kweli ni hii, kusimama kati ya mvuke na tofali, na likichoka libanduke lenyewe badala ya tofali.

Ukutani kwengine, mbali na vichomeo, tatizo ni jengine kabisa. Hakuna kioo. Kuna unga. Ukipitisha kidole unatoka na vumbi jeupe, na hilo vumbi ndo linalodondoka kwenye sahani za gleizi na kuacha vipele. Haya ni magonjwa mawili na sioni kwa nini yapewe dawa moja.

Jumatano, habari ya kuokoa gesi

Hii nimeitenga siku yake maana ndo inayouza makopo ya koti. Karibu kila koti la kiwandani linasifiwa kwamba linarudisha joto ndani na linapunguza mafuta, na mwenzangu alishaanza kuhesabu gesi atakayookoa kabla hata kopo halijafunguliwa. Nikamwambia kaa hapa fundi, tuhesabu pamoja.

Joto linalopita ukutani linategemea unene wa ukuta na jinsi unavyopitisha joto. Tofali letu, kwa uzee wake, nimelipatia kiwango cha kupitisha joto cha 0.25, wati kwa mita kwa nyuzi. Gawa unene wa mita 0.114 kwa 0.25, unapata ukinzani, yaani nguvu ya ukuta ya kuzuia joto, wa 0.456. Ndani 1200, nje 100, tofauti 1100, gawa kwa 0.456, ni wati kama 2,400 kila mita ya mraba. Sasa ongeza koti la nusu milimita, tuseme linapitisha joto kwa kiwango cha 1: ukinzani wake ni 0.0005. Yaani 0.456 inakuwa 0.4565. Ni kama asilimia 0.1. Hiyo hata ukiwa na kipimo kizuri huwezi kuiona kwenye mtungi.

Watakwambia siyo kuzuia, ni kuakisi mionzi. Ni kweli kwenye nyuzi 1250 mionzi ndo inabeba karibu kazi yote, kitu cheusi kwenye joto hilo kinatoa zaidi ya kilowati 300 kila mita ya mraba, maana mionzi inapanda kwa joto kamili lililozidishwa lenyewe mara nne. Lakini angalia ndani ya tanuru lililofungwa: ukuta, shelfu na vyombo vyote viko karibu joto moja, vinapigana mionzi huku na huku. Ukuta ukiakisi, mionzi inarudi kwenye chungu. Ukuta ukimeza, unapata moto na kuutoa tena kwenye chungu hichohicho. Chungu hakijui tofauti, na kinachovuja ni kile kinachopita ndani ya tofali kwenda nje, ambacho tumeshakihesabu. Kwenye matanuru makubwa ya viwandani ambako gesi za moto zinapita mbio kuelekea bomba la moshi hesabu inaweza kubadilika kidogo, ukuta unaotoa mionzi vizuri unasaidia kuchukua joto la gesi kabla haijaondoka, ila kwa tanuru la karakana la mita moja mi sitoi hela yangu kwa hoja hiyo.

Basi tukalinganisha na blanketi ya faiba (nyuzinyuzi za kuzuia joto) ya milimita 25 nyuma ya tofali, nje, chini ya bati. Hiyo nimeipa 0.1, ukinzani wake 0.25, jumla inafika 0.706, uvujaji unashuka mpaka wati 1,560 hivi, pungufu ya asilimia 35. Mwenzangu akapiga makofi, lakini hesabu haijaisha na hapa ndo watu wengi wanajidanganya. Ukilifunika tofali kwa nyuma, tofali lenyewe linakuwa la moto zaidi kwa wastani, kutoka kama 650 kwenda kama 845, na joto hilo unalilipia kila mchomo. Tofali nyepesi moja ni kilo 0.84 hivi, mara 300 ni kilo 250, kila kilo inataka kilojuli 1 kwa kila nyuzi, kwahiyo unaongeza megajuli karibu 49 za kupasha tofali tu. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina megajuli 46. Kumbe blanketi inakula kilo moja ya gesi kwanza, alafu kwa masaa 10 ya moto kamili inakuokolea kama kilo 3. Faida inayobaki ni kilo 2, na hicho ni kiwango cha juu kabisa, kwa sababu tofali la unene huu linachukua masaa kadhaa mpaka joto lifike nyuma, mchomo mfupi hauioni faida yote. Na joto kubwa zaidi kwenye tanuru la gesi linapotelea kwenye bomba la moshi, ambalo wala koti wala blanketi haliligusi, hilo ni la damper, kile kibao cha kubana njia ya moshi, na mkono wako.

Uamuzi wa leo: hoja ya kuokoa gesi nimeifuta kabisa kwenye hesabu ya koti. Koti litahukumiwa kwa kulinda tofali peke yake.

Ijumaa, bei kwa kipimo cha tofali

Bei zinabadilika na kila mahali zina zake, kwahiyo kwenye daftari nimeamua kipimo cha hela kiwe tofali moja jepesi jipya. Inasaidia sana, maana koti lipo ili kuokoa tofali, sasa ukiona koti linakula tofali nyingi kuliko linazookoa, unaacha.

Kopo dogo la kiwandani, nusu lita, kwa bei tuliyopewa linakaribia tofali 10. Kwenye tofali linalonyonya kama letu linafunika mita moja ya mraba na siyo zaidi. Tanuru zima ni makopo manne na nusu, tofali 45. Sasa tofali zenye kioo na nyufa, tumezipitia moja moja kwa chaki, hazifiki 30. Yaani kupaka tanuru zima kwa kopo ni ghali kuliko kubadilisha kila tofali bovu lililomo! Hii ndo namba iliyonyamazisha ubishi karakanani na ningeomba kila mtu aifanye kwenye tanuru lake kabla ya kuagiza.

Zirkoni ya unga, ile ya kufanya gleizi iwe nyeupe, kilo ni kama tofali moja na nusu. Alumina, oksidi ya alumini, ni nusu ya hapo au pungufu. Kaolini, udongo mweupe wa ufinyanzi, ni senti tu ukilinganisha. Lakini msinunue kwa kuangalia bei ya kilo, hapa pana mtego: koti linapakwa kwa unene, na unene ni ujazo, siyo uzito. Zirkoni ni nzito, mara 4.6 ya maji, alumina 3.95, kaolini 2.6. Koti la nusu milimita kwenye mita ya mraba moja, ukitoa nafasi za hewa, ni kama lita 0.3 ya unga wenyewe: kilo 1.4 za zirkoni, au 1.2 za alumina, au 0.8 za kaolini. Ongeza nusu ya hapo kwa ajili ya kunyonywa na kumwagika. Kwahiyo zirkoni inakuwa ghali mara mbili, kwenye bei ya kilo na kwenye kilo zenyewe. Hata hivyo mita moja ya zirkoni ya kuchanganya mwenyewe inakuja tofali 3, dhidi ya tofali 10 za kopo. Ya alumina na kaolini ni kama tofali moja.

Na kuna alumina mbili, msichanganye. Ile yenye maji ndani yake, haidreti, inapoteza karibu asilimia 35 ya uzito ikipata moto, kwahiyo unanunua maji kwa zaidi ya theluthi na koti linasinyaa juu yake. Ile iliyokwisha kuchomwa ni ghali zaidi kwa kilo ila inabaki ilivyo. Kaolini nayo inapoteza kama asilimia 14, ndo maana nusu yake naichoma kwanza kwenye bakuli la biski (chombo kilichochomwa bila gleizi) alafu naichanganya na nusu mbichi. Mbichi inashika, iliyochomwa haisinyai.

Jumapili, vipande vya majaribio vimetoka

Tulikata tofali zilizotolewa vipande, tukapaka michanganyiko tofauti, tukavizungusha kwenye michomo ya kawaida ya gleizi, na juu ya kila kimoja tukaweka donge la gleizi kavu kwa makusudi liyeyuke.

Kipande kisicho na koti: gleizi imezama kabisa, imekula shimo unaweza kuweka ncha ya kidole gumba. Cha alumina na kaolini, nusu kwa nusu, gleizi imekaa juu, imeingia kidogo pembeni, nikagonga na patasi ikatoka na koti lake na tofali chini ni zima. Hicho ndo nilichokuwa nataka kuona. Cha zirkoni, sehemu 70 kwa 30 za kaolini, gleizi imejikunja kama tone, haikutaka hata kutandaa, na imetoka kwa kucha. Zirkoni hailowani na kioo kirahisi, inajulikana, lakini kuiona kwa macho kwenye tofali lako ni kitu kingine.

Cha soda silikate, yaani soda na silika katika maji, kama gundi hakikunifurahisha. Kinashika vizuri sana kikiwa kibichi, kigumu kama jiwe, ila soda ileile ndo adui tuliyemuona mezani Jumanne, na kwenye joto letu uso umetoa malengelenge. Kwa michomo ya chini ya nyuzi 1060 labda. Kwa koni ya 6 siipendekezi. Silika ya kolloidi, yaani chembe laini mno za silika zinazoelea majini, kama gundi inafaa zaidi, haina soda ya maana na haisinyai kama udongo.

Unene ndo jambo lililotenganisha vipande kuliko hata mchanganyiko. Koti nene, milimita 2 hivi, limebanduka kwa vipande vyenye ukubwa wa kucha, la zirkoni na la alumina vilevile. Koti jembamba kama chokaa ya kupaka ukuta, mara mbili, yote yamebaki. Kwahiyo mtu akisema koti fulani ni bovu muulize kwanza alilipaka unene gani na tofali lilikuwa limeloweshwa, maana tofali kavu linavuta maji ya koti papohapo, unga unabaki juu bila kushika.

Jumanne, dari

Leo ubishi umerudi, mwenzangu anataka dari ipakwe maana vumbi linatoka huko. Namuelewa, ni kweli ukuta wa pembeni ukimwaga unga unaanguka sakafuni, dari ikimwaga inaanguka kwenye sahani. Lakini hebu fikiria: koti lolote lina siku yake ya kubanduka, na kipande cha koti kikibanduka darini kinatua kwenye gleizi iliyoyeyuka, na safari hii siyo vumbi, ni gamba la zirkoni ambalo halitayeyuka kamwe na huwezi hata kulisaga vizuri. Vumbi la tofali unalifuta kwa kifyonza vumbi kabla ya kila mchomo wa gleizi, dakika chache. Gamba hulioni mpaka limeanguka. Dari inabaki tupu, imesafishwa. Tumekubaliana, kwa shingo upande.

Kuhusu kifyonza: kiwe cha chujio kizuri cha vumbi laini, na barakoa iwe ile ya kukaza usoni yenye chujio la daraja la P100 au FFP3, siyo ya kitambaa. Tofali za zamani na faiba iliyoungua vinakuwa na silika ya fuwele, hiyo ikiingia mapafuni haitoki. Kukwangua tufanye tofali likiwa limelowa. Hiki nacho ni gharama na nimekiweka kwenye daftari, pamoja na siku ambazo tanuru litalala bila kuchoma, maana koti linataka kukauka taratibu na mchomo wa kwanza uende polepole mpaka maji yote yatoke.

Wenye tanuru za umeme wameniuliza. Hesabu yenu ni nyingine, kwanza mvuke ni mdogo na hakuna mwali unaopiga ukuta. Kikubwa ni mifereji ya koili, zile waya za kupasha moto: msipake humo. Koili za chuma, kromi na alumini zinaishi kwa ngozi nyembamba ya alumina inayojitengeneza juu yake, silika au soda ikigusa ngozi hiyo kwenye moto mkali waya unaliwa. Na wanaochoma kwa chumvi, yaani kuitupa ndani ya tanuru ili soda yake itengeneze gleizi, kwenu koti siyo swali la kuchagua, soda inajenga kioo kwenye kila kitu chenye silika, kwahiyo alumina kwa wingi na kupaka tena na tena, na hiyo iingie kwenye bei ya kila mchomo.

Alhamisi, tunachonunua

Tofali zote zilizo kwenye mdomo wa vichomeo na safu ya kwanza inayopigwa na mwali zinatoka, zinaingia daraja la 26, kikomo nyuzi 1427. Hizo ni ghali kuliko za 23 lakini ni chache, na zinatupa ile nafasi ya joto ambayo koti haliwezi kutoa, kwa sababu koti halifanyi tofali livumilie moto zaidi, linazuia mvuke tu. Juu yake zirkoni, makoti mawili membamba. Sakafu na safu za chini ambako gleizi hudondoka, alumina na kaolini. Kuta za juu na dari, hakuna kitu. Jumla ya eneo linalopakwa haifiki mita za mraba 2, na unga wote pamoja unakuja chini ya tofali 5.

Blanketi tumeiweka kando kwa sasa, siyo kwamba haifai, ila kilo 2 za gesi kwa mchomo mrefu kwetu inalipa polepole kwa sababu michomo yetu mingi ni mifupi. Tutairudia tukiwa tumefungua bati kwa sababu nyingine.

Nimeandika namba kwa penseli nyuma ya tofali mpya, na kwenye daftari kila namba ina mstari wake: tarehe, aina ya koti, na michomo itakayopita mpaka koti liguswe tena. Gharama ya koti tutaigawa kwa hiyo michomo. Zirkoni imeshapita chekeche la tundu 80 kwa inchi, kaolini iliyochomwa imepoa, tofali za kichomeo cha kushoto zimeloweshwa na koti la kwanza limeingia leo jioni. La kulia kesho.